Vifuniko Viwili vya Pikapu ya Bluu

Kufikia saa nne asubuhi, Inspekta alikuwa ameshaelezwa na watu sita jinsi breki zinavyofanya kazi. Watano kati yao hawakuwa na gari. Wa sita alikuwa mkuu wa kituo, ambaye gari alikuwa nalo, ila la kuendeshwa.

"Jambo dogo hilo," Mkuu alisema kwenye simu. "Fundi kaharibu breki, gari limeshindwa kusimama, mtu kavunjika mguu. Saa kumi jalada liwe mezani kwangu, kesho asubuhi asomewe mashtaka. Unachunguza nini tena?"

"Nachunguza breki, Mkuu."

"Breki zimekufa. Umeshazichunguza." Akakata.

Inspekta aliilaza simu kifudifudi mezani. Upande wa pili alikaa Koplo, aliyebakiza miezi mitano astaafu, na ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko kasi yake. Aliinua kalamu.

"Hilo la mwisho niliandike, Afande?"

"Hapana."

"Lote?"

"Koplo."

"Nauliza tu," alisema Koplo, na akaandika kitu hata hivyo.

Tukio lenyewe halikuwa na mzunguko. Jumamosi saa tano, pikapu ya bluu yenye umri mkubwa kuliko Inspekta mwenyewe ilishuka mteremko wa posta bila breki, ikalipitia geti la karakana ya mbao, na kumvunja mguu mlinzi aliyekuwa akilifungua. Aliyeendesha ni mwenye gari, mpima ardhi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Pikapu. Hakupata hata mkwaruzo. Alishuka, akapangusa vumbi kwenye taa ya mbele, ndipo akamuuliza mlinzi kama yuko salama. Mlinzi, akiwa kitandani hospitalini, hilo la taa alilitaja mara tatu.

Wiki tatu kabla ya hapo, fundi mmoja alikuwa ameibadilisha masta silinda ya gari hilo, ile inayosukuma maji ya breki ukikanyaga pedali. Aliondoa ya zamani, akaweka ya kisasa. Sasa fundi huyo alikuwa mahabusu tangu Jumamosi jioni na gereji yake ilikuwa imefungwa kwa kufuli la polisi. Akitiwa hatiani, kibali cha gereji kinaondoka na hakirudi. Miaka thelathini na moja ya kulala chini ya magari ya watu ingeishia hapo.

Inspekta aliinuka. "Twende kwa huyo fundi. Na leo usiandike kila kinachotamkwa."

"Nitajuaje kisicho na maana, Afande, kabla hakijaisha?"

Swali hilo lilimuudhi zaidi.

*

Wateja walimpa jina Fundi Taratibu, na si kwa kumtania. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, viatu bila kamba, mikono magotini, kama mtu anayesubiri rangi ikauke.

"Nieleze ulichofanya kwenye ile pikapu," Inspekta alisema. "Kwa kifupi."

"Kwa kifupi," Fundi alisema, akajiweka sawa, "tuanzie siku gari lilipotengenezwa."

Inspekta alifumba macho.

"Ile ya zamani ilikuwa na chumba kimoja, Afande. Chumba kimoja kinalisha magurudumu manne. Paipu ikipasuka popote, maji yote yanamwagika, huna breki hata ya dawa. Halafu walikuwa wameificha chini ya miguu ya dereva. Unainua zulia, unainua bati, ndipo unaiona. Miaka yote hiyo aliyejua ilipo ni mimi na panya."

"Ukaibadilisha."

"Nikaweka ya vyumba viwili. Kimoja cha magurudumu ya mbele, kingine cha nyuma, ukuta katikati. Cha mbele kikifa, cha nyuma kinakushika. Na nikaihamisha, nikaiweka juu, ukutani kwa injini, ukifungua boneti unaiona, ina vifuniko viwili vyeusi. Siku nne nilikuwa kwenye hilo gari."

"Kwa hiyo ni salama zaidi ya ile ya kwanza."

"Mara mbili."

"Na vyumba vyote viwili vimekufa siku moja."

Fundi alikuna kidevu kwa muda ambao mtu mwingine angeweza kuoga na kuvaa. "Hapo ndipo pananishinda," alisema hatimaye. "Kwani ilivuja?"

"Bado sijaiona."

"Naomba glasi ya maji."

Koplo alikwenda, akarudi nayo. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaiweka sakafuni katikati ya miguu yake.

"Umeomba maji ili uyatazame?" Inspekta aliuliza.

"Siyo ya kunywa. Nenda nayo kwenye gari. Chukua tone kutoka kile chumba cha mbele, halafu..."

Simu iliita. Mkuu tena. Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

"Na niliandika, Afande," Fundi alisema nyuma yake. "Niliandika na nikafunga kwa waya."

"Utaandika tena. Koplo atakupa karatasi," alijibu bila kugeuka.

*

Mkuu alikuwa amepiga kumwambia kwamba ametuma mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa amesimama uani kando ya pikapu, kavaa koti jeupe. Alikuwa na gereji mtaa wa pili kutoka kwa Fundi Taratibu na watu walimwita Injinia. Chuo cha ufundi alikaa mwaka mmoja na nusu. Muda uliobaki aliumalizia kwa kuvaa miwani.

"Nimeshaona tatizo," alisema. "Feki."

"Umefungua boneti?"

"Feki huonekana hata kwa nje."

Inspekta alimpita. Alianza ndani ya gari. Kwenye dashibodi kulikuwa na kibati kilichoandikwa kwa rangi nyeupe, herufi zimenyooka kama za ramani: UKIRUDISHA, IWE IMEJAA. Nyuma ya kiti alikuta dumu la maji, chupa ya oili ya injini iliyofika nusu, kitambaa safi, na jiwe kubwa lililolainika kwa kushikwa. Aliibonyeza pedali ya breki kwa mkono. Ikazama mpaka chini bila ubishi.

Kisha alilala juu ya gunia, akaingia uvunguni.

"Afande, utachafuka," Injinia alisema.

"Nimeshachafuka tangu asubuhi."

Paipu zilikuwa kavu, na magurudumu yote manne yalikuwa makavu pia kwa ndani. Hapakuwa na tone popote. Ila madramu ya breki, yale mabakuli ya chuma ndani ya magurudumu, yalikuwa yamebadilika rangi, chuma kimekuwa cha samawati kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na yalinuka kuungua. Yote manne.

Alitoka, akafungua boneti. Masta silinda ilikuwa pale Fundi aliposema, safi, na vifuniko viwili vyeusi vimekaa juu yake kama macho. Kwenye paipu ya pembeni kulizungushwa kipande cha waya mwembamba, ncha imesokotwa kwa uangalifu. Hakikushika kitu.

"Waya huu wa nini?"

"Uchafu," Injinia alisema.

Inspekta alifungua kifuniko cha kwanza. Maji yalijaa mpaka mdomoni, yakamlowesha vidole. Cha pili, vilevile. Chini ya kila kifuniko kulikuwa na kipande cha mpira cha kuzibia. Alikibonyeza cha kwanza kwa kucha: kilikuwa laini, kimevimba, kimejikunja pembeni kama kidole kilichokaa majini kutwa. Alijaribu kukirudisha mahali pake. Hakikuingia. Cha pili nacho hakikuingia.

"Si nilisema," alisema Injinia. "Mpira feki hauvumilii."

"Chumba cha mbele kikifa, cha nyuma kinafanya nini?"

"Kinashika."

"Jumamosi kilishika?"

"Hakikushika kwa kuwa ni feki."

"Vyote viwili, dakika moja?"

"Feki haina ratiba, Afande."

Inspekta alihesabu moyoni mpaka kumi. Alifika saba. "Na dramu zimeunguaje?"

Hapo Injinia alivua miwani, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu anayeijua kazi yake. "Kama zimeungua, breki zilikuwa zimeshika muda wote. Kuna kijiti kinatoka kwenye pedali kwenda kuisukuma silinda. Fundi akikiacha kirefu, silinda hairudi nyuma yote. Unaachia pedali lakini breki hazikuachii. Gari linatembea limejikaba. Joto linapanda, maji ya breki yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Pedali inazama."

Koplo aliacha kuandika. Hili lilieleza kila kitu: dramu zilizoungua, pande zote mbili kufa pamoja, pedali kuzama bila kuvuja. Na kama ni kijiti, basi ni mkono wa Fundi Taratibu na wa mtu mwingine hakuna.

"Koplo, rula yako."

Alirudi ndani ya gari, akaiegemeza rula kwenye pedali na kuibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, huku Koplo akiwa ameinama chini na tochi. Pedali ilisogea kidogo kabla kijiti hakijagusa chochote. Nafasi ilikuwepo, ya kutosha. Kisha Koplo aligundua kitu kingine: kwenye nati ya kukazia kijiti kulikuwa na nukta ya rangi nyeupe, nusu kwenye nati, nusu kwenye kijiti, na nusu hizo zilikuwa bado zimeonana uso kwa uso. Tangu Fundi alipoikaza, nati haikuwa imesogea hata unywele.

"Kijiti kiko sawa," Inspekta alisema.

Injinia alirudisha miwani. "Basi ni feki. Nisaini wapi?"

*

Nyumbani kwa Mzee wa Pikapu waliwakuta watatu sebuleni: Mzee mwenyewe, dada yake, na mkwe wake aliyemuoa binti wa pekee. Yule dada alikuwa na kitalu cha miche na mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Ndiye aliyefungua mazungumzo.

"Mmekuja kutuambia amefungwa miaka mingapi?"

"Nimekuja kuuliza," Inspekta alisema. "Baada ya gari kutoka kwa fundi, nani aliliendesha?"

"Sote," Mkwe alisema. "Ni gari la familia. Mimi Jumanne, Shangazi Alhamisi anapeleka miche, Baba siku nyingine."

"Nani aligusa breki?"

"Kwa mguu?" Mkwe aliuliza.

"Kwa mkono."

Walitazamana. Hakuna. Aliuliza tena, mmoja mmoja, na Koplo akaandika "hapana" tatu, kila moja kwenye mstari wake. Mkwe alianza kueleza video aliyoitazama kuhusu breki za ndege. Inspekta alimnyamazisha kwa kiganja.

"Mzee, kabla ya Jumamosi hukuona dalili yoyote?"

"Ijumaa lilikuwa zito," Mzee alisema. "Kama linaburuta kitu. Na palikuwa na harufu."

"Ukafanya nini?"

"Nikafungua dirisha."

Kalamu ya Koplo ilikwaruza.

"Na mlimani ulipoona pedali imezama, hendibreki?"

"Ile ilikufa kitambo. Kuna jiwe."

"Jiwe linafanya kazi gari likiwa limesimama, Mzee."

"Kwa kawaida nalitumia likiwa limesimama," Mzee alikubali.

"Kaka asilaumiwe," Shangazi aliingilia. "Gari hili limekaa na sisi miaka yote hiyo na breki zake za zamani, halijawahi kumgusa hata kuku. Kaja huyo Taratibu na ufundi wake mpya, wiki tatu tu, mtu yuko hospitali. Jana na leo nimempelekea yule mlinzi chakula. Nimemwambia, mwanangu, pona haraka, uje uone anavyofungwa."

"Kuna waya kwenye paipu, karibu na vifuniko," Inspekta alisema akimtazama Mzee. "Ulifunga nini?"

"Waya gani?" Mzee alisema, akainuka kwenda kufungua dirisha lililokuwa tayari wazi.

Walitoka mikono mitupu. Ndani ya gari la kituo Inspekta aliegemeza kichwa kwenye usukani. Saa saba na dakika kumi. Mkuu alikuwa amepiga mara mbili, na simu ikaachwa iite mfukoni.

"Watu watatu," alisema. "Gari moja. Hakuna aliyegusa. Zimejigusa zenyewe. Hebu nisomee ya leo, Koplo, tangu mwanzo. Labda kuna kitu nimekipita."

"Yote?"

"Yote."

Koplo alifungua daftari kwa furaha ya mtu aliyesubiri kuombwa miaka thelathini. Alisoma Mkuu alivyokata simu. Alisoma kuhusu panya. Kisha akasoma, kwa sauti ileile: "'Siyo ya kunywa. Nenda nayo kwenye gari. Chukua tone kutoka kile chumba cha mbele, halafu.' Hapo Afande alitoka."

Inspekta aliinua kichwa.

"Inaendelea," Koplo alisema. "'Na niliandika, Afande. Niliandika na nikafunga kwa waya.' Afande akajibu, 'Utaandika tena.'"

"Umeandika na jibu langu?"

"Sikujua kama lina maana."

Inspekta aliwasha gari.

*

Fundi Taratibu safari hii aliachwa amalize sentensi zake. Ilichukua dakika kumi na mbili. Inspekta alisimama mbele yake ameshika kiuno, akiuma shavu kwa ndani, na hakumkatiza hata mara moja.

Saa nane na robo, juu ya boneti ya pikapu, zilipangwa glasi tatu za maji kutoka kantini. Koplo alikuwa amevuka barabara hadi duka la vipuri na kurudi na kopo la maji ya breki lisilofunguliwa, pamoja na bomba la sindano. Injinia alikuwa bado yupo. Hakuna aliyemwambia aende.

Inspekta alidondosha maji mapya ya breki kwenye glasi ya kwanza. Yalizama, yakachanganyika, yakapotea. Glasi ikabaki kama vile hakuna kilichoingia.

"Hivyo ndivyo yanavyotakiwa," alisema. "Maji ya breki na maji ya bombani ni ndugu."

Alivuta kidogo kutoka chumba cha mbele cha silinda, sehemu ya juu, akadondosha kwenye glasi ya pili. Tone lilipasuka, kisha likarudi juu, likatanda. Duara za njano zilielea, moja kubwa na vitoto vyake. Glasi ya tatu, ya chumba cha nyuma, ilifanya vilevile.

"Oili," Koplo alisema.

"Oili ya injini. Na oili mpira huu hauiwezi. Unakunywa, unavimba." Inspekta alichukua kile kipande cha mpira kilichokataa kurudi kwenye kifuniko. "Hiki ni cha juu, tunakiona. Ndani ya silinda kuna vingine kama hiki. Vikivimba, silinda hairudi nyuma, gari linajikaba. Ijumaa lilikuwa zito. Mengine ni kama alivyosema Injinia kuhusu kijiti, ila siyo kijiti."

Injinia alikohoa. "Nilikuwa nakaribia huko."

"Fundi anasema aliacha maji kidole kizima chini ya mdomo, kwa sababu yakipata joto yanapanda. Tumeyakuta yamefurika. Mtu ameongeza, na ameongeza pande zote mbili."

"Lakini wote wamekataa," Koplo alisema. "Hapana tatu."

Inspekta alichungulia ndani ya gari, kwenye kile kibati cha dashibodi. "Kwa sababu nimewauliza swali baya. Wapigie simu. Waje wote watatu."

Walifika saa tisa na nusu, Shangazi akiwa mbele. Inspekta alikuwa ameziondoa glasi juu ya boneti na kuzipanga kwenye benchi kando ya ukuta.

"Sitaki maelezo," aliwaambia. "Maelezo ninayo ya kutosha mwaka mzima. Kila mmoja anionyeshe anavyofanya siku akirudisha gari. Kwa vitendo, bila maneno."

Mkwe alianza. Alitazama geji ya petroli, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua rejeta, akachungulia, akafunga. Akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Ndiyo maana gari linakuja kwangu na kiu," Shangazi alisema.

"Bila maneno, Shangazi. Zamu yako."

Shangazi alikunja mikono ya gauni. Alichukua kitambaa nyuma ya kiti, dumu la maji na chupa ya oili. Alijaza rejeta. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa, akakisoma kama mtu anayesoma kipimajoto. Kila kitu alikifanya vizuri kuliko madereva wengi wa kituo. Kisha, bila kusita, alishika chupa ya oili kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia akaanza kuzungusha kifuniko cheusi cha kwanza.

"Simama hapo, Shangazi."

"Bado cha pili."

"Kwa nini viwili?"

Shangazi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Utajaza kimoja uache kingine? Hicho kingine ni cha kambo?"

Mzee wa Pikapu alikuwa ametazama chini.

"Umekuwa ukifanya hivyo kila Alhamisi?" Inspekta aliuliza.

"Tangu injini ilipoongezewa hivi vidomo. Mara ya kwanza nilivikuta havijafika juu, vyote viwili, nikasema huyu fundi kapunja. Nikajaza. Alhamisi zilizofuata nikaongezea kidogokidogo. Sheria ya kaka ni hiyo, imeandikwa pale mbele. Ukirudisha, iwe imejaa."

"Nilikuuliza kama umegusa breki."

"Sijagusa. Breki ziko chini ya zulia," Shangazi alisema. "Ndivyo kaka alivyoniambia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Chini ya zulia, usiguse. Sijawahi kuinua hilo zulia hata siku moja."

Inspekta alimpeleka kwenye benchi, akamwonyesha glasi moja baada ya nyingine, na kumweleza. Hakutumia maneno mengi. Shangazi alizitazama zile duara za njano kwa muda mrefu, chupa bado mkononi. Kisha akaikabidhi kwa Koplo kama mtu anayekabidhi kisu.

"Yule mlinzi anakula chakula changu," alisema.

Inspekta aligeuka. "Mzee. Waya."

"Waya gani?"

"Koplo."

Koplo alifungua daftari. "'Niliandika na nikafunga kwa waya.'"

Mzee alisimama kidogo, kisha akaenda mwenyewe hadi mlango wa dereva, akashusha kile kibao cha kuzuia jua, na kutoa nyuma yake kipande cha kadi ngumu chenye tundu pembeni. Inspekta alikipokea kwa ncha za vidole. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyeharakishwa na dunia. MAJI YA BREKI TU. USIJAZE MPAKA JUU. KAMA HUJUI, USIGUSE.

"Gari la mwaka ule halikutoka kiwandani na vikadi," Mzee alisema. "Ukifungua boneti ndicho kitu cha kwanza unachokiona. Kilikuwa kinaharibu sura. Siku ileile nilipolichukua, nikakitoa."

"Na Jumamosi, fundi alipochukuliwa, hukukumbuka?"

"Jumamosi nilisahau."

"Jumapili?"

Mzee alilaza kiganja juu ya tairi la akiba lililofungwa ubavuni mwa pikapu, akakiacha hapo. "Jumapili nilikumbuka."

"Leo ni Jumatatu, Mzee."

"Kaka," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mtu yeyote pale alivyowahi kuisikia. "Umeniacha nimpelekee yule mtu chakula, na maneno yale."

Mzee hakumtazama. Alimtazama Inspekta. "Yeye alifuata nilichoandika mimi. Cha fundi nilikificha. Niandike mimi."

"Nimeshaandika," Koplo alisema.

Simu ya Inspekta iliita. Saa kumi kasoro dakika nane. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Jalada liko tayari, Mkuu. Jina limebadilika." Alisikiliza. "Ndiyo, nimemaliza kuzichunguza." Safari hii aliyekata alikuwa yeye.

Fundi Taratibu alitolewa. Alitia saini kupokea mkanda na kamba za viatu, akazifunga zote mbili hapo hapo kwenye ngazi, huku watu sita wakimsubiri. Alipofika kwenye pikapu hakumtazama mtu. Alichungulia chini ya boneti, akabonyeza mpira uliovimba, akasonya.

"Kila kitu chenye mpira kinatoka," alisema. "Mwezi mmoja."

"Gari ni kielelezo. Hutalitengeneza mpaka mahakama iseme," Inspekta alimwambia. "Na kadi yako nayo ni kielelezo."

"Basi niandike nyingine. Naomba kalamu."

Koplo alimpa kalamu, na baada ya kufikiri, akampa jalada gumu la nyuma la daftari lake. Fundi alikata kipande, akakiweka juu ya tairi la akiba, mbele ya Mzee, na kuanza. Herufi moja. Nyingine. Injinia alitazama saa yake. Mkwe alifungua mdomo, akatazamwa na Inspekta, akaufunga. Mistari mitatu ilikuwa ileile ya mwanzo. Kisha Fundi alishusha kalamu chini kidogo, akaongeza wa nne, akatoboa tundu kwa msumari, akarudi nacho kwenye boneti, akapitisha kile kipande cha waya na kukikaza kwa vidole, mara tatu.

Shangazi alisogea, akainama juu ya injini, akaishika kadi mbali na macho.

"'Hata ukiwa Shangazi,'" alisoma.

Alikaa nayo mkononi kidogo. Kisha akaichukua kalamu ya Koplo juu ya tairi, akamrudishia Fundi.

"Kubwa zaidi," alisema. "Bila miwani, hiyo sitaiona."